Sura ya Nane: Malimbikizo ya Marubani

Desemba 2012, marubani wa mashirika mawili ya ndege ya Marekani, United na Continental, walipiga kura na kuukubali mkataba mmoja wa hali bora. Mashirika yao yalikuwa yameungana tangu 2010, lakini wao walikuwa bado wanalipwa kwa mikataba miwili ya zamani. Ule wa Continental ulifikia muda wa kurekebishwa mwishoni mwa 2008, na ule wa United mwanzoni mwa 2010. Kwa muda wote huo watu walirusha ndege kwa mshahara wa zamani huku gharama za maisha zikipanda. Mkataba mpya ulipokuja, ulikuja na fungu la dola milioni 400, lilipwe kwa mkupuo kufidia miaka ya kusubiri.

Kuzipata pesa hizo kulikuwa kazi ya mazungumzo kati ya kampuni na chama. Kuzigawa kulikuwa kazi ya chama, na hapo ndipo penye ugumu, maana sasa wanaovutana wote ni wanachama. Kwanza fungu lilitenganishwa, la marubani wa United kando na la marubani wa Continental kando. Kisha ndani ya kila kundi ikabidi ipatikane kanuni ya kumfikia rubani mmoja mmoja. Kanuni iliyotumika upande wa United iliwafikisha baadhi ya wanachama mahakamani, wakikishtaki chama chao wenyewe, na mwaka 2018, karibu miaka sita baada ya kura, shauri hilo lilikuwa bado liko mbele ya majaji.

Katika sura zilizotangulia tumeona jinsi vyama vinavyodai. Sura hii inahusu siku ya pili, pesa zikishapatikana. Hoja yangu ni moja: fungu la namna hii ligawiwe kwa kufuata sababu iliyolifanya lilipwe. Chama kikiijua sababu hiyo na kuishika, maswali mengi ya nani apate na apate kiasi gani hupata majibu. Kikiisahau, mgawo huamuliwa na wingi wa sauti, na anayeumia ni yule asiye na wenzake wa kutosha kumpigia kura.

Fungu linatoka wapi

Kwa nini marubani wasubiri miaka mingi kupata mkataba? Jibu liko katika sheria ambayo haikutungwa kwa ajili yao. Mwaka 1926 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kazi za Reli, likilenga kuzuia migomo isisimamishe treni na kukwamisha nchi nzima. Mwaka 1936 sheria hiyo ikapanuliwa na kuyaingiza mashirika ya ndege. Hadi leo rubani wa Boston au Dallas anajadiliana na mwajiri wake kwa utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya madereva wa treni.

Chini ya sheria hiyo mkataba haufi. Tarehe yake ikifika, unakuwa wazi kurekebishwa, lakini masharti na viwango vya zamani vinaendelea kutumika mpaka mapya yapatikane. Marubani hawawezi kugoma hivi hivi. Lazima mazungumzo yapite kwa Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, na bodi hiyo ndiyo huamua kama yamekwama. Ikishatamka hivyo, na upande mmoja ukikataa kupeleka mgogoro kwa mwamuzi, huhesabiwa siku 30 za kutuliza joto. Hata zikiisha, Rais anaweza kuunda bodi ya dharura na kusogeza mambo mbele tena. Ndiyo maana migomo ya marubani Marekani ni nadra, na ndiyo maana mazungumzo huchukua miaka miwili, mitatu na zaidi.

Kampuni haiumizwi na kuchelewa huko. Kila mwezi unaopita bila mkataba mpya ni mwezi wa kulipa viwango vya chini. Kwa hiyo chama, kinapokaribia kufunga makubaliano, hudai pesa za kufidia muda uliopita. Wakati mwingine hupewa malimbikizo kamili: tofauti kati ya kiwango kipya na cha zamani, saa kwa saa, tangu tarehe mkataba ulipofunguka. Mara nyingi zaidi hupewa fungu la jumla, kiasi kilichokubaliwa mezani bila kupigiwa hesabu ya kila saa, na likaitwa bonasi ya kusaini. Waajiri hulipendelea hili la pili kwa sababu hulipwa mara moja tu. Nyongeza ya kiwango cha saa huendelea kulipwa mwaka hadi mwaka, na nyongeza zijazo hupigiwa hesabu juu yake. Bonasi ikishatoka imetoka.

Jina la bonasi linaweza kuficha asili yake. Mtu akisikia bonasi anafikiria zawadi, na zawadi mtu huweza kuigawa apendavyo. Lakini sehemu kubwa ya pesa hizi imekwisha kufanyiwa kazi. Ni jasho la saa zilizorushwa kwa bei ya zamani.

Namna rubani anavyolipwa

Ili kuuelewa ugomvi wa mgawo, ni lazima kwanza kuuelewa mshahara wenyewe. Rubani wa shirika kubwa la Marekani hulipwa kwa saa, tangu ndege inapoondoka getini mpaka inapoegeshwa inakokwenda, na mkataba humhakikishia idadi fulani ya saa kwa mwezi. Kanuni za usalama haziruhusu azidishe saa 1,000 za kuruka ndani ya siku 365. Kiwango cha saa hutegemea mambo matatu: cheo, yaani kama ni kapteni au rubani msaidizi, aina ya ndege, kwani ndege kubwa za masafa marefu hulipa zaidi, na miaka aliyokaa kazini.

Juu ya haya kuna orodha ya ukongwe. Kila rubani ana namba yake, na namba hiyo hupatikana kwa tarehe ya kuajiriwa. Ndiyo inayoamua atarusha ndege gani, atapangiwa kituo gani, atapumzika sikukuu gani, na nani atapunguzwa kwanza mambo yakiharibika. Mkongwe huchagua wa kwanza katika kila kitu, na mgeni hupokea kinachobaki.

Kutokana na hali hiyo huzaliwa kambi mbili kila bonasi inapotangazwa. Marubani wapya husema: tugawane sawa kwa sawa. Wote tulisimama nje ya viwanja vya ndege na mabango, wote tulihatarisha kazi, kura ya kila mmoja wetu ni moja, na wakongwe tayari wanafaidi kila kitu kingine. Makapteni hujibu: hasara haikuwa sawa. Aliyekuwa akipata dola 300,000 kwa mwaka, asilimia ileile ya nyongeza iliyocheleweshwa ilimkosesha mara tatu ya aliyekuwa akipata 100,000. Kumpa sawa na mgeni ni kuchukua pesa zake na kumpa mwingine.

Kambi zote mbili zina hoja ya kweli. Ndiyo maana swali la sababu ya malipo ni muhimu. Kama fungu ni malimbikizo, hoja ya kapteni ina nguvu zaidi, kwani malimbikizo hufuata mshahara uliocheleweshwa. Kama sehemu ya fungu ni shukrani kwa wote waliosimama pamoja au kichocheo cha kuukubali mkataba, hoja ya mgeni ina nguvu zaidi, kwani mshikamano haupimwi kwa ukubwa wa ndege. Chama makini huamua mapema ni kiasi gani cha fungu ni hiki na kiasi gani ni kile, kisha hukiandika.

Marubani watano na dola 100,000

Tuchukue shirika la kubuni lenye marubani watano tu, lililochelewesha mkataba kwa miaka miwili, na sasa limetoa dola 100,000.

Wa kwanza ni kapteni wa ndege kubwa, aliyepata 300,000 kila mwaka. Wa pili ni rubani msaidizi, aliyepata 100,000 kila mwaka. Wa tatu alikuwa msaidizi wa 100,000 mwaka wa kwanza, akapanda kuwa kapteni wa ndege ndogo kwa 200,000 mwaka wa pili. Wa nne ni kapteni wa ndege ndogo aliyepata 200,000 mwaka wa kwanza, kisha akaugua na kukosa cheti cha afya, asipate mshahara mwaka wote wa pili. Wa tano ni kapteni wa ndege kubwa aliyepata 300,000 mwaka wa kwanza, akatimiza miaka 65 na kustaafu. Tangu mwishoni mwa 2007 sheria ya Marekani haimruhusu rubani wa mashirika kuruka baada ya umri huo; kabla ya hapo mpaka ulikuwa miaka 60.

Tukigawa kwa vichwa, kila mmoja anapata 20,000.

Tukigawa kwa mapato ya miaka miwili, jumla ya mapato yao ni 1,600,000, na kila mmoja anapata asilimia 6.25 ya alichoingiza. Kapteni mkubwa anapata 37,500. Msaidizi 12,500. Aliyepanda cheo 18,750. Mgonjwa 12,500. Mstaafu 18,750.

Tukigawa kwa kiwango cha kila mtu siku ya kusaini, mambo hubadilika. Aliyepanda cheo anahesabiwa kwa 200,000, mgonjwa kwa 200,000 kwa sababu cheo chake bado kipo, na mstaafu hahesabiwi kabisa kwa kuwa siku hiyo si mwajiriwa. Kapteni mkubwa anapata 37,500. Msaidizi 12,500. Aliyepanda cheo 25,000. Mgonjwa 25,000. Mstaafu sifuri.

Tukigawa kwa miezi ya kazi, bila kuihesabu miezi ya ugonjwa, wale watatu wa kwanza wanapata 25,000 kila mmoja, na mgonjwa na mstaafu 12,500 kila mmoja.

Zitazame tena kanuni ya pili na ya tatu. Kapteni mkubwa amepata 37,500 katika zote mbili. Msaidizi amepata 12,500 katika zote mbili. Hawa ndio wawakilishi wa zile kambi mbili zinazobishana mikutanoni, na kuchagua kati ya kanuni hizi hakukuwagusa hata senti moja. Walioguswa ni wengine: mgonjwa, ambaye fungu lake lilizidishwa mara mbili, aliyepanda cheo, aliyeongezewa 6,250, na mstaafu, ambaye 18,750 zake zilifutika. Ugomvi wa wakongwe na wapya una kelele, lakini haki au dhuluma ya mgawo mara nyingi huamuliwa kwa watu walio pembezoni, ambao wakati wa kura ama wako hospitali, ama wamekwisha kuondoka.

Orodha ya walio pembezoni katika shirika la kweli ni ndefu kuliko mgonjwa na mstaafu. Kuna aliye kwenye likizo ya uzazi. Kuna aliyeitwa jeshini, kwani marubani wengi wa Marekani ni askari wa akiba. Kuna waliopumzishwa bila mshahara kwa kukosa safari, kisha wakaitwa tena. Kuna aliyefariki katikati ya mazungumzo na kuacha mjane au mgane. Kuna viongozi wa chama ambao muda wa kurusha ndege waliutumia mezani wakijadiliana. Na kuna wakufunzi wanaokaa kwenye simuleta wakiwafundisha wenzao, ambao malipo yao hayafanani na ya walio angani.

Kanuni ya kuhesabu mapato ina sifa moja kubwa: haihitaji kumhukumu mtu. Aliyefanya kazi miezi sita ya kipindi hicho anapata ya miezi sita, awe bado yupo au amestaafu. Lakini ina ukali wake kwa aliyeugua, kwa kuwa ugonjwa humpiga mara ya pili. Vyama vinavyojali huliziba pengo hilo kwa kuandika kwamba malipo ya ugonjwa nayo yahesabiwe kama mapato, au kwamba aliye kwenye likizo ya jeshi au uzazi ahesabiwe kwa saa za wastani ambazo angerusha.

Mfano wa Delta

Mwanzoni mwa Machi 2023 marubani wa Delta waliridhia mkataba wao mpya kwa asilimia 78 ya kura. Mkataba wa zamani ulikuwa umefunguka mwisho wa 2019, na mara baada ya hapo janga la korona likasimamisha ndege. Nyongeza ya viwango ilianza na asilimia 18 na kuendelea kupanda kwa miaka iliyofuata, ikafikia takriban asilimia 34 kwa jumla. Pamoja nayo yalikuja malipo ya mkupuo: asilimia 4 ya mapato ya rubani ya 2020, asilimia 4 ya mapato yake ya 2021, na asilimia 14 ya mapato yake ya 2022.

Mgawo huo umebeba historia ndani yake. Mwaka 2020 na 2021 shirika lilikuwa likipigania uhai, na hakuna aliyetarajia kwamba marubani wangepata nyongeza kubwa miaka ile. Mwaka 2022 abiria walirudi kwa wingi, marubani wakafanya kazi ya kuchosha, na mkataba ulikuwa bado haujafungwa. Hapo ndipo deni lilipokuwa kubwa, na hapo ndipo asilimia ilipokuwa kubwa. Rubani aliyepata dola 200,000 kila mwaka kati ya mitatu hiyo alistahili 8,000, kisha 8,000, kisha 28,000, jumla 44,000. Aliyeajiriwa 2022 alipata ya 2022 peke yake.

Mtu anaweza kubishia ukubwa wa namba hizo. Lakini rubani yeyote aliyekuwa na hati zake za mshahara aliweza kukaa mezani kwake, kupiga hesabu kwa dakika chache, na kujua atapata nini na kwa nini, kabla ya kupiga kura. Kanuni inayoeleweka na kila mtu ina thamani kubwa kuliko kanuni sahihi zaidi ambayo ni wahasibu watatu tu wanaoielewa.

Njia nyingine ilitumika American Airlines, shirika lililofilisika Novemba 2011. Marubani walipokubali kupunguziwa maslahi, walipewa haki ya asilimia 13.5 ya hisa za kampuni mpya. Chama chao kilizigawa hisa hizo kwa mafungu, kila fungu likifungamana na aina ya kitu kilichopotea, ili aliyepoteza kitu fulani alipwe kwa kitu hicho. Wazo hilo liko karibu sana na hoja ya sura hii. Hata hivyo lilizaa mashauri, yakiwemo ya marubani waliokuwa wagonjwa wa muda mrefu, kwa sababu kila fungu lilihitaji mstari wa kuamua nani yumo na nani hayumo. Mstari wowote, hata uchorwe kwa nia njema, una mtu aliyesimama hatua moja nje yake, na mtu huyo anastahili kuelezwa sababu na kupewa mahali pa kukata rufaa.

Wengi wape, lakini

Wahenga walisema wengi wape. Katika chama cha wafanyakazi huo ndio msingi: mkataba huridhiwa kwa kura, na viongozi huchaguliwa kwa kura. Lakini wahenga haohao walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria ya Marekani ilijifunza kuziweka kauli hizi mbili pamoja kupitia kisa cha mtu ambaye hakuwahi kuwa rubani.

Bester William Steele alikuwa mchochea moto kwenye treni za kampuni ya Louisville & Nashville huko Alabama. Alikuwa Mwafrika-Mmarekani. Chama kilichotambuliwa kisheria kuwasemea wachochea moto wote kiliwakataa watu weusi wasiwe wanachama, na kwa kuwa wazungu walikuwa wengi, hakuna chama kingine kilichoweza kukiondoa. Mwaka 1941 chama hicho kilifunga makubaliano na kampuni za reli ya kuwabana wachochea moto weusi. Steele alitolewa kwenye treni za abiria, kazi nzuri aliyokuwa ameifikia kwa ukongwe wake, na nafasi hizo wakapewa wazungu waliokuwa wageni kwake kazini. Alikaa siku 16 bila kazi, kisha akapangiwa kazi ngumu zaidi yenye malipo madogo zaidi.

Wakili wake alikuwa Charles Hamilton Houston. Desemba 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Steele haki. Jaji Mkuu Harlan Fiske Stone alieleza kwamba sheria ikikipa chama mamlaka ya kuwasemea wafanyakazi wote wa kada fulani, inakibebesha pia wajibu wa kuwatetea wote kwa haki, wanachama na wasio wanachama, bila uadui. Huwezi kumnyima mtu njia ya kujisemea, kisha ukatumia sauti yake kumdhulumu.

Kwa kuwa uamuzi huo ulitolewa chini ya sheria ileile ya reli, unavibana vyama vya marubani moja kwa moja. Mwaka 1991 mahakama hiyo ilieleza kipimo chake katika shauri lililotoka Continental. Shirika hilo lilitangaza kufilisika Septemba 1983, likavunja mkataba na kupunguza mishahara kwa zaidi ya nusu, na marubani wakagoma kwa zaidi ya miaka miwili. Kwenye makubaliano ya 1985 ya kumaliza mgomo, nafasi za ukapteni ziligawanywa hivi: 100 za kwanza kwa marubani waliokuwa kazini wakati wa mgomo, 70 zilizofuata kwa waliogoma, na baada ya hapo kwa zamu, moja kwa hawa na moja kwa wale. Waliogoma waliona chama chao cha ALPA, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1931, kimewauza, wakakishtaki. Walishindwa. Mahakama ilisema viongozi wa chama wana uwanja mpana wa kuamua, na jaji ataingilia tu pale uamuzi ukiwa umekosa mantiki kabisa, una ubaguzi, au umefanywa kwa nia mbaya.

Kwa hiyo kiongozi wa chama akitafuta tu kinga ya mahakama, anayo kubwa. Lakini kinga hiyo ina mwisho, na shauri la United lilionyesha ulipo. Walioshtaki walikuwa wakufunzi. Walidai kwamba kanuni ya kugawa malimbikizo iliwahesabu kwa namna iliyowapunja, ili marubani wa safari, walio wengi kuliko wao kwa mbali, wapate zaidi. Mahakama ya kwanza ililitupa shauri. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ililirudisha, ikisema madai hayo, kama ni ya kweli, yanatosha kuonyesha nia mbaya na yanastahili kusikilizwa. Haikusema chama kina hatia. Ilisema kwamba kuwaridhisha wengi kwa kuwanyang'anya wachache hakuwi halali kwa sababu tu wengi wamefurahi.

Utaratibu unaolinda haki

Kutokana na visa hivi, utaratibu mzuri unaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Kwanza, kanuni iandikwe kabla ya kura ya kuridhia mkataba, na itumwe kwa kila mwenye haki pamoja na mifano ya hesabu. Chama kinachosema ridhieni kwanza, mgawo tutaujadili baadaye, kinawaomba watu wanunue kitu wasichokiona. Tena kanuni iliyotungwa baada ya kura hutungwa na watu wanaojua tayari nani atafaidi.

Pili, sababu ya kila uamuzi iandikwe. Kwa nini kipindi kinaanza tarehe hii na si ile? Kwa nini wastaafu wamo, au hawamo? Chama chenye majibu kwenye muhtasari wa kikao kinaweza kusimama mbele ya mwanachama yeyote, na mbele ya jaji yeyote.

Tatu, wanaoandika kanuni wasiwe wa kundi moja. Kamati yenye makapteni watupu wa ndege kubwa itaona mambo kwa macho ya makapteni wa ndege kubwa, hata ikiwa na nia safi. Awemo rubani msaidizi, awemo mkufunzi, na wasikilizwe wale walio kwenye matibabu.

Nne, kila mtu apelekewe takwimu zake kabla ya malipo na apewe muda wa kuzisahihisha. Kumbukumbu za mishahara za miaka mitatu hazikosi kasoro, hasa kwa waliohama kituo, kupanda cheo au kwenda jeshini.

Tano, itengwe akiba ndogo ya fungu kwa ajili ya rufaa, na awepo mwamuzi asiye na maslahi wa kuzisikiliza. Pesa zote zikishatoka, mwanachama aliyepunjwa hana pa kulipwa isipokuwa mifukoni mwa wenzake, na hapo hakuna atakayekubali kurudisha.

Sita, ielezwe mapema kama malipo hayo yataingia kwenye michango ya pensheni, na kodi itakayokatwa. Rubani aliyeahidiwa 40,000, akapokea pungufu sana benki, ataona ameibiwa hata pale ambapo kila senti imehesabiwa sawasawa.

Kwa vyama vyetu

Hakuna haja ya kuwa na chama cha marubani ili kukutana na swali hili. Tanzania, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi hutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na kinaweza kukubaliana na mwajiri kukata ada ya uwakala kwa wasio wanachama. Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo inaruhusu ada ya aina hiyo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa. Kwa walimu, wauguzi, makuli wa bandarini na wafanyakazi wa mashamba ya chai, malimbikizo ni neno la kila mwaka.

Mantiki ya kisa cha Steele inatuhusu hapa. Chama kinachopokea ada ya mtu na kumzuia asijisemee mwenyewe kina deni kwake, awe amekipigia kura au la. Katibu wa tawi anayegawa malimbikizo ya kiwanda chenye watu 200 ana wajibu uleule wa mwenyekiti anayegawa mamilioni ya dola kwa maelfu ya marubani: aulize pesa hii inalipia nini, aandike kanuni kabla ya kura, na aanze kwa kumtafuta yule ambaye hayupo mkutanoni.

Ewe msomaji, kama umechaguliwa kuwa kiongozi wa wenzako, usisubiri pesa zifike ndipo uanze kufikiri. Andikeni kanuni yenu ya mgawo leo, wakati hakuna anayejua kama kesho atakuwa kapteni, mgonjwa au mstaafu. Na kama wewe ni mwanachama wa kawaida, kabla hujaweka tiki kwenye karatasi ya kura, dai kuoneshwa hesabu ya fungu lako na ya jirani yako. Chama kinachoweza kukuonesha zote mbili kinastahili kura yako.